Nilimkandamiza kifua baba mkwe, mbavu zikalia: je, nilimuua?

"Shikamoo daktari. Mimi ni fundi umeme, nafanya kazi kiwandani Tanga. Mwaka jana kazini tulipewa mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku moja, tukajifunza CPR (kumkandamiza kifua na kumpulizia hewa mtu ambaye moyo wake umesimama) kwa mwanasesere. Miezi miwili iliyopita baba mkwe wangu, miaka 64, mgonjwa wa presha na kisukari, alianguka ghafla sebuleni tukiwa tunakula. Hakujibu tena, akawa anakoroma kwa vipindi. Shemeji akasema presha imepanda, amelala tu, tumuwahishe hospitali. Mimi nikamshusha sakafuni nikaanza kumkandamiza kifua. Mara ya tano au ya sita nikasikia kitu kimelia 'ka!' chini ya mikono yangu. Nikaogopa, nikaacha. Tukampakia kwenye Noah ya jirani. Hospitali wakasema amefika ameshafariki. Siku ya kumuosha waliona michubuko kifuani, na tangu hapo shemeji anasema mbavu nilizozivunja ndizo zilizochoma moyo. Silali vizuri. Naomba uniambie ukweli: nilimuua mimi? Na ikitokea tena, nifanye au niache? Kazini wenzangu wengi wanasema wao hawatagusa mtu, wanaogopa UKIMWI na polisi."

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa msiba. Mungu amrehemu mzee. Swali lako la kwanza halifai kusubirishwa, kwa hiyo nalijibu hapa hapa: hapana, hukumuua. Kwa dalili ulizozieleza, moyo wa mzee ulikuwa umeshasimama kabla hujaweka mikono kifuani pake. Ulimkuta katika hali ambayo, akiachwa hivyo hivyo, mwisho wake ni mmoja tu.

Tuanze na huko kukoroma, maana naamini ndiko kulikomfanya shemeji aseme mzee amelala. Moyo ukisimama, damu inaacha kupanda kichwani, na mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Lakini sehemu ya chini ya ubongo, ile inayoamrisha pumzi, inabaki na akiba kidogo ya oksijeni. Inaendelea kutoa amri za ovyo ovyo: kidevu kinanyanyuka, mdomo unafunguka kama wa samaki aliyetolewa majini, inatoka sauti ya kukoroma au kukwama, halafu kimya cha sekunde nyingi, kisha tena. Hali hii huonekana kwa takribani watu 4 kati ya 10 katika dakika za mwanzo baada ya moyo kusimama. Hewa hiyo haimsaidii mgonjwa chochote. Sisi tunaofanya kazi vitengo vya dharura tumezoea kuwasikia ndugu wakituambia, "Daktari, njia nzima alikuwa anapumua, alikuwa anakoroma." Hawadanganyi, ndivyo walivyosikia. Wengine moyo ukisimama hutetemeka mwili mzima kwa sekunde kadhaa, na hapo watu husema ni kifafa, wanaanza kutafuta kijiko cha kumuwekea mdomoni, au wanasema mashetani yamempanda.

Kipimo unachohitaji wewe usiye mganga ni hiki: mwite kwa sauti, mtikise mabega, kama hajibu, tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Hajibu na hapumui kama kawaida? Mchukulie kuwa moyo umesimama, uanze. Usihangaike kutafuta mapigo ya mshipa shingoni au kwenye kifundo cha mkono. Hata wahudumu wa afya hukosea hapo wakiwa na kiherehere, na dakika zinakwenda.

Sasa mbavu. Kwa mtu mzima, CPR inataka mfupa wa kidari uzame angalau sentimita 5, bila kuzidi 6. Weka rula mezani uitazame hiyo sentimita 5 na utaelewa kwamba hakuna namna ya kuifikia kwa upole. Mbavu zimeungana na kidari kwa gegedu (mfupa laini), na gegedu hilo kwa kijana linapinda, lakini mtu akishafika miaka sitini linakuwa limekakamaa. Linapolazimishwa kuzama kiasi hicho linaachia, na huo ndio mlio ulioufahamu kwa viganja kabla hata ya masikio. Uchunguzi wa waliofanyiwa CPR umeonyesha mara nyingi kwamba zaidi ya theluthi yao wamevunjika ubavu mmoja au zaidi, na kwa wazee idadi inapanda sana. Wataalamu wenye uzoefu wa miaka wanavunja mbavu. Ukisikia mlio huo, unaangalia kama mikono bado ipo katikati ya kifua, unairudisha kama imeteleza, na unaendelea. Ninalaumu mafunzo mengi ya siku moja kwa jambo hili: mwanasesere wa plastiki halii hivyo, na mwalimu asipowaambia mapema, mwanafunzi aliyesikia mlio wa kweli atashtuka kama ulivyoshtuka wewe.

Je, ubavu hauwezi kuchoma kitu ndani? Unaweza, sitakuficha. Pafu linaweza kutobolewa, ini linaweza kupasuka, hasa mikono ikiwa imeshuka chini hadi kwenye chembe cha moyo badala ya kukaa kwenye nusu ya chini ya kidari. Lakini majeraha makubwa ya namna hiyo ni machache, na mengi yake yanatibika mtu akiwa hai. Ubavu uliovunjika unaunga kwa wiki sita hivi. Ubongo uliokosa damu huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita, na sehemu iliyokufa hairudi. Mizani yenyewe ndiyo hiyo. Na ile michubuko iliyoonekana siku ya kumuosha mzee ni alama ya kawaida ya mikono iliyojaribu kuokoa. Daktari yeyote anayechunguza maiti anazijua alama hizo.

Naomba nikueleze kinachotokea chini ya mikono, kwa sababu ukikielewa utajua pia kwa nini kuacha katikati ndiko kunakogharimu. Unaposhindilia kidari, moyo unabanwa kati yake na uti wa mgongo, na shinikizo ndani ya kifua kizima linapanda. Damu inasukumwa kwenda kichwani na mwilini. Unapoachia, kifua kinafunguka, damu inarudi kuujaza moyo, na ni wakati huo wa kuachia ndipo mishipa inayoulisha moyo wenyewe inapopata damu. Ndiyo maana tunasisitiza kifua kiachwe kirudi juu kabisa kabla ya kushindilia tena. Anayeegemea kifua bila kuachia anaunyima moyo chakula chake. Hata ukifanya vizuri kabisa, unazungusha robo hadi theluthi tu ya damu ambayo moyo mzima ungezungusha. Umeshawahi kutumia pampu ya kisima ya mkono? Mikupuo ya kwanza haitoi kitu, maji yanapanda taratibu ndani ya bomba, na ukiacha kidogo tu yanashuka yote, unaanza upya. Shinikizo la damu wakati wa CPR liko hivyo hivyo. Kila unaposimama ili kuangalia kama ameamka, au kujibizana na shemeji, linaporomoka, na itahitajika mikandamizo kadhaa kulirudisha.

Najua wazo litakalokujia ukisoma hapo: "Basi kuacha kwangu ndiko kulikomuua." Nataka uniamini ninapokuambia kwamba hilo nalo silo. Mikandamizo peke yake mara chache huuwasha upya moyo wa mtu mzima uliosimama kwa ugonjwa wa moyo. Kazi yake ni kununua muda hadi ifike mashine ya kushtua moyo na watu wenye oksijeni na dawa. Moyo mwingi wa namna hiyo haujatulia kimya. Unatetemeka bila mpangilio, na kinachoweza kuupanga ni mshtuko wa umeme. Bila CPR, nafasi ya mshtuko huo kufanikiwa inapungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita. Kwa CPR inapungua pia, ila polepole. Wewe hukuwa na mashine hiyo sebuleni, hukuwa na ambulensi mlangoni, na mgonjwa wako alikuwa na presha na kisukari. Ungeendelea bila kukosea hata mara moja, nafasi yake bado ingekuwa ndogo sana. Ungempa nafasi hiyo ndogo, na inastahili kutolewa, lakini hakuna haki ya mtu kukubebesha kifo chake.

Televisheni imetudanganya kidogo kuhusu namba hizi. Marekani, pamoja na ambulensi zao zote, kati ya watu 100 wanaosimama moyo nje ya hospitali ni kama 10 tu wanaotoka wodini hai. Walioanguka tayari wakiwa hospitalini hufika kama 1 kati ya 4 au 5. Kwetu huku, ambako mgonjwa hufika kwa bajaji au gari la jirani, ni chini ya hapo. Hata hivyo, mtu aliyekandamizwa kifua na aliyekuwa karibu naye, kabla wataalamu hawajafika, nafasi yake ya kupona huwa mara mbili au hata tatu ya yule aliyeachwa akizungukwa na watu wanaopiga yowe. Wenzako kazini bila shaka wanamkumbuka Fabrice Muamba, mwanasoka mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea klabu ya Bolton ya Uingereza. Tarehe 17 Machi 2012 alianguka uwanjani kwa Tottenham jijini London, na moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Alishtuliwa mara 15. Yupo hai. Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark aliyeanguka uwanjani Juni 2021, yeye alirudi hadi kucheza ligi. Kilichowafikisha pale ni mikono iliyoanza mapema na mashine iliyokuwa hatua chache kutoka walipoanguka, na mashine hiyo ndiyo iliyokosekana kwenu.

Kuna watu, hata hivyo, ambao CPR yenyewe inaweza kuwarudisha bila mashine, na hapa ndipo ninapowasihi Watanzania wenzangu wajifunze. Mtoto aliyezama kwenye pipa la maji au ziwani. Mtu aliyepaliwa na chakula. Kichanga aliyefunikwa na blanketi. Hawa moyo wao ulikuwa mzima. Kilichousimamisha ni kukosa hewa. Kwao pumzi zina uzito kuliko kwa baba mkwe wako, kwa hiyo unaanza kwa kupuliza, kisha mikandamizo 30 na pumzi 2, unarudia. Kwa mtoto unashindilia theluthi ya unene wa kifua. Kwa kichanga unakizungushia kifua viganja vyako viwili na kushindilia kwa dole gumba zote mbili. Na tafadhali, aliyezama msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili maji yatoke. Kinachotoka ni matapishi, yanaingia mapafuni, na dakika mliyokuwa mnahitaji imekwisha.

Wewe ni fundi umeme, kwa hiyo la kwako nalitaja peke yake. Aliyepigwa na umeme mara nyingi ni kijana, moyo wake ni mzima, umevurugwa tu mapigo. Zima swichi kuu kwanza, usimguse kabla ya hapo, halafu kandamiza. Nafasi yake ni nzuri kuliko ya mgonjwa wa siku nyingi, na kiwanda chenye mafundi kinapaswa kuwa na mashine ya kushtua moyo ukutani. Mashine hizo za sasa zinaongea, zinamwelekeza mtumiaji kila hatua, na hazishtui moyo usiohitaji kushtuliwa. Peleka ombi hilo kwa uongozi. Ulichokipitia kinakupa sauti.

Kwa hiyo swali la pili: ikitokea tena, fanya. Mshushe sakafuni, kama ulivyofanya, na nakupongeza kwa hilo, maana juu ya godoro la sponji unashindilia godoro, kifua hakizami. Piga magoti ubavuni pake, kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, uzito utoke mabegani. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kila sekunde. Baada ya dakika mbili utakuwa umechoka hata kama hujioni, kwa hiyo mpokezane. Acheni akianza kupumua na kujitikisa, au wataalamu wakiwapokea, au nguvu zikiisha.

Na kama ungekosea, ukamkandamiza mtu ambaye moyo haujasimama? Swali hilo lilichunguzwa Marekani, eneo la Seattle, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: kati ya watu karibu 250 waliokandamizwa kifua kwa maelekezo ya simu na baadaye ikaonekana moyo wao haukuwa umesimama, waliovunjika mfupa walikuwa asilimia 2 hivi, na hakuna aliyeumia kiungo cha ndani. Mtu wa namna hiyo atakusukuma mkono au kupiga kelele, na hapo utaacha. Kosa la kuanza bure ni dogo. Kosa la kusubiri halirekebishiki.

Kuhusu UKIMWI, hakuna kisa kilichothibitishwa cha mtu kupata VVU kwa kumpulizia mgonjwa mdomoni katika huduma ya kwanza. Mate hayaambukizi VVU. Kifua kikuu na magonjwa mengine ya hewa yana hatari yake ndogo, na damu mdomoni ni sababu halali ya kusita. Lakini kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, mikono peke yake inatosha. Usipulize chochote kama moyo haukutumi. Polisi ni kweli wanaweza kuja kuuliza maswali kifo kikitokea ghafla. Waeleze ulichokiona, saa ngapi, ulifanya nini, na nani alikuwepo.

Lipo pia ambalo hukuliuliza. Angeanguka mama mkwe, ungemgusa kifua? Wakwe wengi wangesita, na nawaelewa. Utafiti wa huko nje umeonyesha kwamba wanawake wanaoanguka hadharani husaidiwa kwa CPR mara chache kuliko wanaume. Huna haja ya kumvua nguo. Kandamiza juu ya gauni, mwingine amsitiri kwa khanga. Zungumzeni hilo nyumbani siku ya amani, ili likitokea pasiwe na mtu wa kuomba ruhusa.

Sasa gari. Swali hili ndilo gumu kuliko yote kwetu, na madaktari wenyewe tunaweza kupishana. Msimamo wangu ni huu: mmoja anakandamiza papo hapo, mwingine anapiga simu (112 Tanzania, 999 au 112 Kenya) na kutafuta usafiri kwa pamoja. Usimnyanyue hadi gari liwe mlangoni, milango wazi, viti vimelazwa. Kama hakuna msaada unaokuja, mpakie alale chali, na anayeweza kupiga magoti aendelee kadiri gari linavyoruhusu, nikijua kwamba CPR ndani ya gari linalotembea ni hafifu na ni hatari kwa anayeifanya. Dereva asikimbize. Na msimpeleke zahanati ya jirani isiyo na oksijeni kwa sababu tu iko karibu. Nendeni kwenye hospitali yenye kitengo cha dharura, mpige simu njiani wawasubiri mlangoni. Namba ya kitengo hicho iwe kwenye simu yako leo. Mgonjwa akirudi na kuzungumza, bado apelekwe: mbavu na mapafu yaangaliwe, na chanzo kitafutwe kisije kurudia siku hiyo hiyo.

Wapo pia ambao nisingewaambia ndugu wawafanyie. Mwili uliokwisha kupoa na kukakamaa, hapana. Mgonjwa wa saratani aliyefika mwisho, ambaye moyo unasimama kwa sababu mwili mzima umechoka, CPR haimpi siku za maana. Inampa mbavu zilizovunjika na kifo cha vurugu. Familia yenye mgonjwa wa aina hiyo ikae na daktari wake mapema waamue pamoja, na walichokubaliana wawaambie na wanaolala naye usiku.

Kwa upande wenu, napenda watoto wa mzee, shemeji akiwa wa kwanza, wapime presha, sukari na mafuta ya damu, hasa walio juu ya miaka 35. Kama katika ukoo kuna waliokufa ghafla wakiwa vijana, au yupo anayezimia akikimbia, huyo aonwe na daktari wa moyo, si wa kununua dawa dukani. Nendeni pamoja wewe na shemeji. Mkiwa hapo, ombeni kuzungumza na daktari aliyempokea mzee siku ile, amweleze shemeji kwa mdomo wake haya niliyokueleza. Yakitoka kwako ataona unajitetea. Na usingizi wako usiuachie muda peke yake. Umekwenda miezi miwili bila kulala vizuri, na mtu aliyehisi kifua cha mzee wake kikilia chini ya mikono anaweza kuubeba mlio huo muda mrefu. Kama unaurudia usiku, kama unakwepa sebule ile au umeanza kunywa ili ulale, muone mtaalamu wa afya ya akili hospitali ya mkoa wiki hii. Baadaye, ukiwa tayari, rudia mafunzo na Msalaba Mwekundu, na umwambie mwalimu awaeleze wanafunzi wake kuhusu mlio wa mbavu siku ya kwanza.